Kwa Nini Twaona Haya Kuvaa Kazi ya Mikono Yetu?

Ningependa kuanza kwa kukiri kosa. Desemba iliyopita, asubuhi ya mahafali ya chuo ninachofundisha, nilisimama mbele ya kabati langu nikiwa na mavazi mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa suti ya kijivu niliyoinunua miaka sita iliyopita katika soko la Gakoromone, mjini Meru. La pili lilikuwa koti jipya nililoshonewa na fundi kijana wa Embu. Koti hilo lilitokana na suruali kuukuu tatu za kaki, zikatiwa rangi kwa majani ya chai na misumari yenye kutu. Nililivaa, nikajitazama kiooni, kisha nikalivua. Nikatoka na suti.

Adhuhuri, sherehe zilipokwisha, nilivua joho kwa sababu ya joto, nikaiweka juu ya kiti ile suti nayo. Mhadhiri mwenzangu aliona ndani ya kola kitambaa kidogo kilichofumwa jina kwa uzi mwekundu. Akalisoma kwa sauti. Lilikuwa jina la Kijerumani. "Daktari," akaniuliza, "huyu ni nduguyo wa kwa baba au wa kwa mama?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kilinigeukia. Nilikuwa tayari kusimama mbele ya wanafunzi wangu katika nguo kuukuu ya mtu nisiyemjua, ambaye huenda ni marehemu, lakini nikaona haya kuvaa nguo mpya ya kijana ninayemjua, aliyenipima mabega kwa mikono yake. Waliosema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo hawakukosea.

Makala haya ni juhudi yangu ya kuielewa haya hiyo, kwa kuwa naamini si yangu peke yangu.

Sikwenda Embu kutafuta koti. Nilikwenda kutafuta maneno. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya majina ya rangi katika Kiembu na Kimeru, na wazee niliowahoji walinituma kwa "yule kijana anayepika nguo." Nilimkuta nyuma ya soko, katika kibanda chenye cherehani moja, jiko la kuni na masufuria matatu makubwa. Hushona mavazi ya wanaume tu: mashati, suruali na makoti. Kitambaa chake hakitoki dukani. Hutoka katika masalio ya mitumba.

Wachuuzi wa mitumba wana istilahi zao, na msomaji ambaye ni mwanafunzi wa isimujamii angefanya vyema kuzisikiliza. Belo linapofunguliwa alfajiri, nguo bora zinazonyakuliwa kwanza huitwa kamera. Zile zinazobaki mwisho, zilizochanika, zilizochujuka au zisizomtosha mtu, huitwa fagia, kwa maana ni za kufagiwa. Fundi wangu hununua fagia. Aghalabu hutafuta suruali za watu wanene mno, ambazo hakuna mwanamume wa Embu anayeweza kuzivaa. "Mwalimu," aliniambia, "wao wanaona suruali isiyouzika. Mimi naona mita mbili za pamba nzito."

Kabla ya kununua, huchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Jaribio hilo ndilo linaloamua, kwa maana rangi za mimea hushika pamba, kitani, hariri na sufu, lakini haziishiki poliesta ipasavyo. Nguo za siku hizi nyingi zina mchanganyiko wa poliesta, na hizo huziacha.

Kitambaa kikishafumuliwa, hukichemsha katika maji ya magadi ili kuondoa mafuta na wanga. Kisha hukitia katika maji ya shabu. Hiyo shabu ndiyo inayokamatanisha rangi na nyuzi. Bila hiyo, rangi nyingi za mimea zingetoka kwa kufuliwa mara chache. Yeye huiita "dawa ya kushika rangi," nami sijaona sababu ya kutafuta istilahi nyingine. Baada ya hapo huja rangi yenyewe. Maganda ya vitunguu hutoa manjano iliyokolea. Kokwa na maganda ya parachichi hutoa rangi ya waridi iliyofifia, ambayo huzidi kuwa nyekundu ukiongeza magadi. Majani ya mwembe hutoa manjano nyingine, tulivu zaidi. Chai, ambayo wilaya zetu za juu hazina uhaba nayo, hutoa hudhurungi.

Ajabu kubwa kwangu ilikuwa chuma. Fundi huloweka misumari yenye kutu katika siki kwa wiki kadhaa. Kitambaa kilichopikwa kwa chai kikitumbukizwa katika maji hayo, hudhurungi hugeuka mbele ya macho yako kuwa kijivu cha mawingu ya mvua, na kisha karibu nyeusi. Mwalimu wa kemia ataeleza kwamba tanini iliyomo katika chai imeungana na chuma. Ningemwongezea kwamba muungano kama huo ndio uliotoa wino wa vitabu vya Ulaya kwa karne nyingi, na kwamba mafundi wa Mali hutumia tope lenye chuma juu ya rangi ya majani kutengeneza kitambaa chao mashuhuri cha bogolan. Kijana wa Embu mwenye debe la misumari hafanyi mchezo wa kitoto. Anafanya kemia ya kale na ya heshima.

Hapa niruhusu, msomaji, nirudi katika taaluma yangu, kwa sababu kibanda kile kilinikumbusha jambo ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi bila kulielewa vizuri. Mwaka wa 1969, Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao maarufu kuhusu majina ya rangi duniani. Walidai kwamba lugha yenye majina mawili ya msingi huwa na nyeupe na nyeusi, na ikiwa na la tatu, hilo huwa nyekundu. Wengi wameukosoa utafiti huo, lakini tazama Kiswahili: vivumishi vyetu asilia vya rangi ni vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Kimeru na Kiembu pia vina vyao vitatu. Hata masimulizi ya Wameru kuhusu safari yao kutoka Mbwaa huwagawa watu kwa rangi hizo hizo: waliovuka maji usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu, na waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe.

Je, rangi nyingine tulizipataje? Tuliazima majina ya vitu. Manjano ni bizari ile ya jikoni. Kahawia ni kahawa. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Waridi ni ua. Nili ni mmea ambao majani yake hutoa buluu, na jamaa zake huota mwituni katika nchi yetu. Orodha hiyo niliiandika ubaoni mara nyingi kama mfano wa uundaji wa msamiati. Nikiwa kando ya masufuria ya Embu niliona kwamba vingi kati ya vitu hivyo hutoa rangi kweli vikichemshwa. Lugha imehifadhi akilini mwetu ghala la mimea ambalo mikono yetu imelisahau.

Wala si sisi tu tuliosahau. Hadi katikati ya karne ya 19, karibu rangi zote za mavazi duniani zilitoka katika mimea, wadudu, konokono na udongo. Mwaka wa 1856, William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alijaribu kutengeneza kwinini maabarani na badala yake akapata rangi ya zambarau. Mwaka wa 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Ndani ya miongo michache elimu ya maelfu ya miaka iliwekwa kando. Rangi za viwandani zina faida zake: ni rahisi, zinang'aa na zinadumu. Hata hivyo, kuna miji ya viwanda vya nguo ambako mito imechafuliwa nazo, na hilo limewarudisha wabunifu wengi wa Ulaya na Asia kwenye masufuria ya mimea. Wao wanarudi kwa fahari, na sisi tungali tunaona haya.

Neno nguo lenyewe lina funzo. Wataalamu wa isimu linganishi wameunda upya mzizi wa Kibantu wa kale, -gubo, ambao maana yake ni ngozi na pia vazi. Kiswahili kilidondosha b, tukapata nguo. Wazulu wangali wanasema ingubo. Ina maana kwamba babu zetu hawakutenganisha ngozi ya mnyama na vazi la mtu. Waliijua nguo tangu chanzo chake. Sisi tunaijua tangu dukani tu.

Hali kadhalika neno mitumba. Katika karne ya 19, mtumba ulikuwa mzigo wa kitambaa uliofungwa vizuri na kubebwa na mpagazi kutoka pwani kwenda bara. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipya, na kilichopendwa zaidi kiliitwa merekani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu za bandari ya Salem, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoukatiza usafirishaji huo. Leo mzigo ungali unafika kutoka ng'ambo na jina ni lile lile, ila kilichomo ndani ni nguo zilizokwisha kuvaliwa. Neno halikubadilika, tulichokubali kupokea ndicho kilichobadilika.

Mzigo huo si mdogo. Mwaka wa 2019 Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za nguo kuukuu. Wakati huo huo pamba yetu ilikuwa imedhoofika. Watu wa nyanda kavu za Mbeere, Tharaka na sehemu za chini za Meru wanaikumbuka pamba kama zao lililolipa karo, kabla ya soko kufunguliwa mapema katika miaka ya 1990 na viwanda kuanza kufungwa. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kiliporomoka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007.

Wapo wanaosema dawa ni marufuku. Nathubutu kutokubaliana nao. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara. Kenya ikarudi nyuma mwaka wa 2017, na Rwanda, iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu za mavazi mwaka wa 2018. Tena, serikali yetu ilipozuia uingizaji wa mitumba mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, marufuku hayo yaliondolewa Agosti mwaka huo huo. Mitumba huwalisha wachuuzi wengi na kuwavika walio wengi zaidi. Swali la maana si jinsi ya kuizuia langoni, bali tunafanya nini na kilichokwisha kuingia. Fundi wa Embu amelijibu kwa mkasi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu ni rahisi. Rangi za mimea huchujuka juani zikilinganishwa na za viwandani. Chuma kikizidi, hudhoofisha nyuzi. Kuni ni ghali, na anayechuna magome kuuzunguka mti mzima anauua. Hivyo rangi inayosifiwa kwa kutunza mazingira inaweza kuyaharibu. Ndiyo sababu kijana huyu hutumia zaidi mabaki: maganda kutoka hotelini, kokwa kutoka kwa wauza parachichi, na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Amejaribu hata majani ya miraa yaliyotupwa, akapata rangi ya mchanga mkavu. Aidha, kazi ni ya polepole. Koti moja humchukua siku sita, na bei yake haiwezi kushindana na koti la mtumba. Yamkini mteja wake wa kwanza atakuwa mtu mwenye mshahara, kama mwalimu. Hapo ndipo haya zetu zinapokuwa na gharama, maana tunapokataa sisi, hakuna mwingine wa kuanzia.

Haya hizo zina chimbuko. Mwanamume wa Kenya amefundishwa kwamba heshima ina umbo moja: koti, kola na tai. Mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni pamoja na baadhi ya mavazi ya kiasili. Ikiwa suti yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia yaweza kukataliwa mlangoni, koti lililopikwa kwa chai litapita wapi? Mwaka wa 2004 tulijaribu kubuni vazi la taifa kwa mashindano na sherehe, na halikushika. Nadhani halikushika kwa sababu lilianza juu kushuka chini. Vazi huanza kwa fundi na mteja wake.

Mifano ya kuanza hivyo ipo. Jijini Nairobi, jumba la mitindo la KikoRomeo, lililoanzishwa na Ann McCreath mwaka wa 1996, limejenga jina lake kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mikono. Jina lenyewe ni la Kiswahili safi: kikoromeo ni kile kifundo cha koo la mwanamume. Karibu nasi zaidi, ukitoka Meru kupitia Timau utafika Nanyuki, ambako ushirika wa kina mama ulioanzishwa mwaka wa 1977 husokota, kutia rangi na kufuma sufu kwa mikono. Hawa hawakungoja azimio la serikali.

Sasa nigeukie walimu wenzangu. Nilipokuwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulisoma Sanaa na Ufundi chini ya mfumo wa 8-4-4. Mwalimu wetu alitutuma nyumbani tulete maganda, majani na udongo, nasi tukafunga vitambaa kwa kamba na kuvitia rangi. Mikono yetu ilibaki ya manjano kwa wiki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani, na kama ilivyo desturi yetu, kilichotoka katika mtihani kilitoka pia darasani. Mtaala wa Umilisi unadai kurudisha kazi ya mikono. Basi tusiwatume watoto dukani kununua vifaa vya plastiki na kuuita huo umilisi. Sufuria moja la maganda ya vitunguu lina kemia, lina hesabu za vipimo, lina historia ya biashara na lina somo zima la msamiati wa Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi kwa mafundi wakusanye maneno: bitana, mshono, pindo, shabu, kamera, fagia. Maneno hayo yapo vinywani mwa watu na hayahitaji kamati ya kuyaunda.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba fundi huyu alikosa elimu. Alimaliza kidato cha nne, akakosa karo ya chuo, akajifunza kushona kwa mjomba wake. Aliponipa lile koti alinionyesha kasoro mbili kabla sijaziona. Nyuzi za mishono ya zamani zilikuwa za poliesta, hivyo zilikataa rangi na kubaki na ukaki wake. Tena ubavuni palikuwa na kivuli cha mfuko uliofumuliwa, ambapo kitambaa hakikuwa kimepigwa na jua. "Naweza kukificha," alisema, "lakini nimekiacha ili ujue lilikotoka." Kumbe ni kivuli hicho ndicho kilichonifanya nilivue koti siku ya mahafali. Niliogopa mtu angeuliza.

Muhula ulipofunguliwa nilivaa koti hilo kwenda darasani. Tulikuwa na mhadhara kuhusu majina ya rangi. Msichana aliyeketi mbele aliinua mkono, akauliza lile swali nililoliogopa: "Mwalimu, hicho kivuli ubavuni ni cha nini?" Nikaanza kueleza. Nilieleza habari za suruali, chai, kutu na belo linalofunguliwa alfajiri, hadi saa ya mhadhara ikaisha na ubao ukiwa mtupu. Wanafunzi wanne walitaka kujua kibanda kiko wapi.

Niliwaelekeza. Nami mwezi ujao nitapita huko kuagiza suruali ya koti hilo, maana mahafali mengine yanakuja.